Siki ya Mirca

Kila Jumamosi asubuhi, wachuuzi wa sokoni wakiwa bado wanapanga mboga zao, Learco Bergonzini alikuwa ameshaingia katika duka la Bi Wilma na kuvua kofia. Duka lenyewe lilikuwa jembamba na refu kama ushoroba, katika uchochoro ulio nyuma ya soko la Modena, na liliuza vitu viwili tu: mafuta ya zeituni upande wa kushoto na siki upande wa kulia. Learco hakuwa na haja na upande wa kushoto. Alikwenda moja kwa moja kulia, akaegemea kaunta, akanyoosha mkono kama mgonjwa anayetaka kupimwa mapigo.

"Haya, tuone wiki hii umeleta vituko gani," alisema.

Bi Wilma, mjane mnene aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni, alimdondoshea siki katika kijiko cha kauri. Learco aliinusa. Aliiinamisha kwenye mwanga wa mlango kutazama inavyotembea. Kisha akaiweka ulimini na kufumba macho, na kwa muda huo duka zima lilinyamaza, hata wageni waliokuwa wameingia kutafuta zawadi tu.

"Hii," alisema alipofumbua macho, "ni siki ya mtu mwenye haraka."

Ya pili alisema inanuka kabati la marehemu. Ya tatu, iliyotoka kwa familia yenye jina na shamba kubwa, alisema inafaa sana kwa kusugulia masufuria. Halafu akavaa kofia, akashukuru kwa adabu, akaelekea mlangoni bila kununua hata tone. Mambo yalikuwa hivyo tangu alipostaafu. Bi Wilma hakumchukia, kwa sababu wageni walipenda kumsikiliza, na mara nyingi waliondoka na chupa ile ile aliyoitukana zaidi.

"Na yako tutaionja lini, Bwana Learco?" alimuuliza, kama alivyomuuliza kila Jumamosi.

"Bado."

"Bado mpaka lini, baba? Wenzako tunazeeka."

"Siki haisukumwi, Bi Wilma. Ukiisukuma inanuna."

Learco alikuwa mtu wa Spilamberto, mji mdogo ulio mwendo mfupi tu kutoka Modena. Ujana wake wote aliumalizia katika kiwanda cha vigae, mbele ya tanuri, na huko alisifika kwa jambo moja: hakuwahi kufungua mlango wa tanuri kabla ya wakati wake. Wenzake walichungulia, yeye hakuchungulia. Siku moja msimamizi alimsifu kwa hilo mbele ya kiwanda kizima, na sifa ile ilimwingia kichwani ikapata makazi ya kudumu. Tangu hapo Learco aliamini kwamba hakuna kitu duniani ambacho hakiwezi kuwa kizuri zaidi kikiachwa kidogo.

Alipozaliwa Mirca, mtoto wake wa pekee, alifanya wanavyofanya akina baba wengi wa huko. Alipanga mapipa darini kwa jina lake, safu moja, kuanzia pipa kubwa hadi dogo lisilozidi ndoo, kila moja la mti wake: mwaloni, mforosadi, mcheri, mreteni. Akayajaza maji ya zabibu yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, akafunika matundu yake kwa vitambaa vyeupe. Kila majira ya baridi, kilichopungua katika pipa dogo hujazwa kutoka kwa kaka yake, na cha kaka hujazwa kutoka kwa kaka mkubwa zaidi, hadi mwisho wa safu, ambapo pipa kubwa hupewa maji mapya ya zabibu. Siki ya kula huchotwa katika pipa dogo peke yake, kidogo tu kila mwaka. Na siku binti anapoolewa, siki yenye jina lake huwekwa mezani.

Wenzake walianza kuchota wakati binti zao wanavaa sare za sekondari. Learco alisema bado. Mirca alipomaliza chuo, Nives, mkewe, alimwambia apande achote japo kijiko. Learco alisema akichota sasa ataiharibu, itakuwa kama kumwamsha mtoto aliyelala. Nives, ambaye alikuwa mshonaji na hakupenda kazi isiyokwisha, alinyamaza. Badala yake alinunua siki ya dukani, ile ya chupa ya plastiki, na kila mchana aliiweka mezani karibu na saladi akiigeuza ili jina la kiwanda limtazame mumewe.

Pale mjini watu walifanya jambo hili kuwa burudani. Kwa kuwa Mirca alifikisha miaka arobaini bila kuolewa, wazee wa baa walimuuliza Learco kama ni siki inayomngoja bwana harusi au ni bwana harusi anayeingoja siki. Yeye alijibu kwamba vyote viwili viko njiani. Na miaka ya karibuni alikuwa na jambo jipya la kujivunia. Pipa dogo, alimwambia Bi Wilma, limeacha kunywa. Zamani kila majira ya baridi lilitaka kujazwa vikombe kadhaa. Sasa hata kikombe kimoja hakiingii, kinabaki pale pale juu.

Bi Wilma alimtazama juu ya miwani. "Limeacha kunywa kabisa?"

"Kabisa. Limeshiba."

"Mume wangu alipoacha kunywa, mimi nilimwita daktari."

"Hayo ni mambo ya binadamu," alisema Learco, akavaa kofia.

Basi mwaka ule Mirca akapata mchumba. Mirca alikuwa fundi wa mitambo ya kujazia chupa, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na kampuni yake ilimtuma pwani ya Liguria kutengeneza mtambo wa kiwanda kidogo cha mafuta ya zeituni. Mtambo ulipona siku ile ile. Mirca alirudi wiki moja baadaye akisema anataka kuhakikisha kama bado ni mzima, na baada ya hapo alihakikisha kila mwisho wa wiki. Mwenye kiwanda aliitwa Ampelio, mwanamume mpole aliyeota upara, na mwezi wa Machi alikuja Spilamberto kula chakula cha mchana na wazazi, akiwa amebeba debe la mafuta kama mtu aliyebeba mtoto.

Nives alimpenda kabla hajakaa. Learco alilitazama debe.

"Mafuta ya lini haya?"

"Ya Novemba, mzee."

"Novemba ya mwaka gani?"

"Hii iliyopita."

Learco alimgeukia binti yake kwa huruma. "Mbona ni kachanga, hakajaota hata meno."

"Mafuta ndivyo yalivyo, mzee," alisema Ampelio, huku akimwaga yale ya debe juu ya maharage bila kuombwa. "Ukiyaweka yanachacha. Sisi tunakamua, tunakula, tunangoja mengine."

"Na mnaishi hivyo hivyo? Mnakula tu?"

"Tunaishi. Mama yangu anakaribia miaka themanini na bado anapanda mizeituni."

"Learco naye anapanda," alisema Nives. "Anapanda darini, anatazama, anashuka."

Mirca alicheka mpaka akaweka uma chini. Kisha akajifuta mdomo, akamwambia baba yake kwa sauti ile aliyoitumia kuzungumza na mitambo, yaani bila kuipandisha: "Baba, tutafunga ndoa Juni. Chakula tutakula hapa uani. Sitaki keki ya ghorofa, sitaki bendi. Nataka siki yangu mezani. Tangu nina akili naambiwa ni yangu, na sijui hata ina ladha gani."

Ampelio alitazama sahani yake. Nives alitazama dari. Learco alihisi neno lile lake la siku zote likija mpaka kwenye meno, akalimeza.

"Utaipata," alisema.

Wiki ya kwanza ya Juni alipanda darini na mrija wa kioo wa kuchotea, tayari kwa kazi aliyoiota maisha yake yote. Kulikuwa na joto, na harufu tamu ya siki ilimlaki ngazini. Alivua kofia. Aliondoa kitambaa kwenye tundu la pipa dogo, akateremsha mrija.

Mrija ukagota.

Learco aliutoa, akautazama, akaurudisha. Uligota tena, pale pale karibu na mdomo wa tundu, kama unaogonga meza. Alileta tochi. Alileta kijiko. Alileta bisibisi ya Mirca ya zamani, akachokoa, na kilichotoka kwenye ncha yake kilikuwa punje moja nyeusi inayong'aa. Hapo ndipo mtu yule aliyejua kasoro za siki zote za mkoa alipoelewa kwa nini pipa lake lilikuwa limeacha kunywa. Halikuwa limeshiba. Lilikuwa limeganda. Maji yake yalikuwa yamekwenda na hewa mwaka baada ya mwaka, sukari ikabaki ikirundikana bila mtu wa kuipunguza, mpaka pipa zima likawa bonge moja, na vile vikombe alivyokuwa akivimimina juu yake kwa heshima vilikuwa vimemiminwa juu ya jiwe.

Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliyatazama mapipa mengine, yale makubwa, ambayo siki yake ilikuwa laini na nzima. Lakini desturi ilisema siki ya binti ni ile ya pipa dogo, na Learco hakuwa mtu wa kuvunja desturi. Yeye desturi alikuwa ameishika mpaka ikakosa pumzi.

"Ikoje?" aliuliza Nives aliposhuka.

"Imepumzika."

"Nilidhani ndiyo kazi yake miaka yote hii."

Jumanne iliyofuata Learco aliingia dukani kwa Bi Wilma. Haikuwa siku yake, na hakuvua kofia. Bi Wilma alikuwa anapanga chupa za mafuta. Alipomwona aligeuka na kutazama kalenda ukutani.

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nataka kununua siki."

Bi Wilma aliweka chupa chini polepole, kwa uangalifu, kama mtu asiyetaka kumtisha ndege. "Rudia."

"Kununua. Si ya kwangu. Ni ya rafiki."

"Rafiki gani?"

"Humjui."

"Bwana Learco, marafiki zako nawajua wote. Wawili wamekufa na wa tatu hamsemeshani kwa sababu ulisema siki yake ina harufu ya mbwa."

"Ya mbwa aliyelowa," alisema Learco, maana hakupenda kunukuliwa vibaya. "Unauza au huuzi?"

"Nauza, kwa nini nisiuze. Kijiko hiki hapa. Onja uchague."

Ikawa shughuli. Bi Wilma alimpa ya kwanza, Learco akaonja, akakubali kwa kichwa kwamba inafaa.

"Hii?" Bi Wilma alishangaa. "Hii si ndiyo ya mtu mwenye haraka? Mimi siwezi kukuuzia hii, rafiki yako atanilaumu."

Alimpa nyingine. Learco alisema hii sasa ni nzuri, ina mwisho mrefu.

"Mwisho mrefu ndiyo, lakini mwanzo wake unanuka kabati la marehemu. Ulisema mwenyewe, na mama mmoja wa Verona alikuwa amesimama hapo hapo ulipo. Alicheka mpaka akanunua mbili."

"Bi Wilma."

"Labda hii ya kusugulia masufuria?"

"Bi Wilma, nihurumie."

Alisema kwa sauti ndogo, na Bi Wilma akaacha mzaha, akavua miwani ikaning'inia kifuani. Aligeuza kibao cha mlangoni upande wa 'Tumefunga', akamvutia kiti. Learco akamweleza yote: mrija, bisibisi, punje. Alipofika kwenye vikombe alivyovimimina juu ya jiwe, Bi Wilma alikohoa na kugeukia ukutani, na mabega yake yakatikisika kwa muda.

"Unacheka," alisema Learco.

"Nina mafua."

"Mtoto amengoja miaka arobaini, Bi Wilma. Kitu kimoja tu ameomba. Nitamwambia nini mbele ya watu wa Liguria?"

"Kwa hiyo utamwekea ya kwangu useme ni yake."

Learco alivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Mimi ni muuza duka, si padri," alisema Bi Wilma. Alipanda ngazi fupi, akashusha kisanduku kutoka rafu ya juu kabisa, ile ambayo Learco hakuwahi kuonjeshwa kwa sababu chupa zake hazifunguliwi ovyo. "Hii ni ya mama mmoja ambaye hana mtoto wa kike wala wa kiume. Ni nzuri kuliko zote nilizo nazo, na hata wewe huwezi kuitukana. Nyumbani utaimimina katika kitungi chako, na hakuna atakayejua."

"Mirca anaweza kuhisi."

"Atahisi vipi? Hajaonja yake hata siku moja. Ukimpa dawa ya kikohozi atasema, ahsante, Baba." Aliizungushia chupa karatasi, akafunga kamba. "Hilo halikusumbui?"

Lilimsumbua. Alitembea nalo mpaka kituo cha basi, akapanda nalo, akashuka nalo. Angekuwa anamdanganya mtu mwenye kujua, angalau kungekuwa na ushindani ndani yake, kama kucheza karata. Lakini kumdanganya Mirca kulikuwa rahisi mno, na urahisi ule alikuwa ameutengeneza yeye mwenyewe, 'bado' moja baada ya nyingine. Alipofika nyumbani aliificha chupa ndani ya buti lake la mpira nyuma ya mlango wa stoo.

"Jumanne mjini kuna nini?" aliuliza Nives, uzi ukiwa kati ya meno yake.

"Nilikwenda kunyoosha miguu."

"Mpaka Modena? Miguu yako lazima ilikuwa imejikunja sana."

Siku ya harusi ilikuja na jua lake. Ndoa ilifungwa asubuhi katika ofisi ya mji, na kufika saa saba watu walikuwa wameketi uani kwenye meza ndefu iliyotandikwa mashuka meupe ya Nives. Kulikuwa na tortelini, tambi ndogo zilizojazwa nyama, katika mchuzi, nyama za kuchemsha, mkate, na kipande kikubwa cha jibini la nyumbani kwao, kigumu, cha kubanduliwa kwa kisu kifupi. Mama yake Ampelio, Bi Benedetta, alikuwa amepewa kiti karibu na Nives. Alikuwa bibi mdogo mkavu aliyeleta mafuta yake mwenyewe mkobani, endapo yasingekuwepo. Bi Wilma alikaa mwisho wa meza. Alikuwa amealikwa na Mirca, na hakumtazama Learco, jambo lililomtia Learco wasiwasi kuliko kama angemtazama.

Jibini lilipofika, mazungumzo yalikatika yenyewe. Kila mtu pale alijua kinachofuata. Learco alisimama na kitungi cha kioo mkononi, na mzee mmoja wa baa akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa anaweza kufa kwa amani, mkewe akamkanyaga mguu.

Mirca alivuta kiti karibu. Alikuwa amevaa gauni rahisi la rangi ya maziwa, nywele amezibana juu. Learco alidondosha siki katika kijiko. Mirca aliipokea kwa macho kwanza, akaisogelea akainusa, akatazama inavyotembea kwenye mwanga. Halafu akafumba macho na kufungua mdomo.

Learco aliona kwamba anafanya kila kitu kama yeye. Hakumfundisha hata siku moja. Bila shaka alikuwa amejifunza utotoni, akimtazama babaye akionja siki za watu wengine.

Learco akarudisha kijiko nyuma. "Ngoja," alisema.

Meza ililipuka kwa kicheko. "Hata leo, Learco?" "Mwacheni, bado haijaiva." "Mirca, rudi mwakani na watoto." Mirca alifumbua jicho moja tu.

"Baba, usinichezee."

"Hii si yako," alisema Learco. "Hii nimeinunua. Kwa Bi Wilma, Jumanne."

Kicheko kilikufa. Katika ukimya ule Nives alimwinamia Bi Benedetta, akamwambia kwa upole kama anayemwonyesha mshono: "Aliificha ndani ya buti la mvua. Nilikuwa nangoja tu aseme."

"Na yangu iko wapi?" aliuliza Mirca.

"Iko juu. Imeganda. Sikuigusa kwa wakati wake, nikaendelea kungoja, ikaganda ndani ya pipa. Hakuna kitu cha kuchota." Alitaka kusema maneno mengine zaidi, ya kuomba radhi, lakini hayakuja kwa mpangilio. "Nilitaka iwe nzuri," alisema.

Mirca alisukuma kijiko pembeni. Hakuna aliyejua atalia au atasimama aondoke. Ampelio alikuwa amemshika kiwiko tayari kwa lolote.

"Imeganda vipi?" aliuliza Mirca. "Juu tu, au mpaka chini?"

"Sijui. Mrija hauingii."

"Ukiligonga linatoa sauti gani?"

"Sikuligonga."

"Umejaribu nini?"

"Bisibisi."

"Bisibisi," alisema Mirca, kama daktari aliyesikia mgonjwa amepakwa majivu. Alisimama, akavua viatu vyake vya harusi, akaingia ndani. Walimsikia akipanda ngazi. Aliporudi alikuwa amelikumbatia pipa dogo kifuani, vumbi likiwa limelichora gauni, akaliweka katikati ya meza, kati ya mkate na maua. Aliligonga kwa kiganja pande zote akisikiliza. Kisha akanyoosha mkono bila kutazama. "Ampelio, nyundo. Iko kwenye gari, chini ya kiti changu."

Bwana harusi alikimbia kuleta nyundo.

Mirca aligonga pete za chuma moja baada ya nyingine, akizizungusha, pigo dogo hapa na pale, mpaka zikalegea na kifuniko cha mbao kikainuka. Watu walisimama kuchungulia. Ndani kulikuwa na kitu cheusi titi, kinang'aa, kimejaa punje kama sukari guru iliyomwagiwa wino. Harufu yake iliwafikia hata waliokaa mbali: zabibu, cheri, moshi kidogo, na ukali ambao ulikuja nyuma polepole na kuwafanya wameze mate.

Alichukua kisu cha jibini, akabandua kipande kisichozidi ukucha, akamshikia baba yake.

"Wewe kwanza."

"Ni yako."

"Umewahi kuionja?"

Learco alitikisa kichwa. Bi Wilma, kule mwisho wa meza, alishika shavu. Mtu huyu aliyewachambua watengenezaji wote wa Modena alikuwa hajaonja ya kwake hata mara moja.

"Fungua mdomo," alisema Mirca, akamlisha kama wanavyolishana maharusi keki.

Learco alitafuna. Kilipasuka kati ya meno kama barafu, halafu kikayeyuka. Kwanza utamu, mwingi, karibu uzidi. Chini yake akakuta mti wa mcheri, na chini ya mcheri mreteni, na kisha ukali ukapanda puani na kumtoa machozi, na hata hapo hakikuisha, kiliendelea kwenda. Watu walingoja. Mzee wa baa alikuwa ameinua shingo kama kuku.

"Imezidi utamu," alisema Learco hatimaye. Hakuna aliyecheka, kwa jinsi alivyokuwa anafuta macho. "Lakini ilikuwa tayari."

"Ilikuwa tayari lini?" aliuliza Nives.

Alifikiri kwa uaminifu. "Zamani. Nadhani Mirca alipomaliza chuo."

"Ndivyo nilivyokuambia Mirca alipomaliza chuo."

"Ndivyo ulivyoniambia."

Mirca alijilisha kipande chake. Alikaa nacho mdomoni, macho yamefumbwa, muda mrefu, na hakusema ikoje. Alibandua kingine tu, halafu kingine, akampa Ampelio, ambaye alikiweka juu ya jibini. Naye Bi Benedetta, akiwa hajaombwa na mtu, alinyanyuka, akatoa chupa mkobani na kuvimwagia vipande vyote mafuta yake ya Novemba.

"Jaribuni hivi," alisema. "Msingoje."

Baada ya hapo adabu ya meza ilivunjika. Watu walipitisha kisu mkono kwa mkono. Siki ya Bi Wilma nayo ilizungushwa na kitungi chake, wakaimwagia saladi, na Learco alikula saladi ile akaongeza, akakiri mbele ya mashahidi kwamba haina kasoro, ingawa ukisikiliza kwa makini utagundua alisema "haina kasoro kubwa." Mwisho alichukua pipa, akalishika kwapani kama kapu, akaanza kuzunguka uani na kisu chake, akimbandulia kila mtu, hata waliokwisha kupewa. Jirani mmoja alikataa, akasema ana kisukari.

"Basi mpelekee mkeo."

"Mke wangu amekaa hapa, Learco. Ameshakula vitatu."

"Mpelekee dada yako."

"Dada yangu yuko Argentina."

Learco alisimama akafikiri. Kisha akabandua bonge kubwa kuliko yote, akalifunga katika leso ya mezani ya Nives, akamtilia jirani mfukoni mwa koti. "Haitaharibika njiani," alimwambia, na kumgeukia aliyefuata.